Suyun na Mtihani wa Kumwamsha Mgonjwa

Jirani yangu hapa Lewisville, Marekani, Suyun, Mchina wa miaka hamsini na miwili, alitaka kuwa mhudumu wa wagonjwa kama mimi. Alikuwa ameshafeli mtihani mara mbili. Akifeli ya tatu, anarudia mafunzo yote.

Nikasema nitamfundisha mwenyewe, kuanzia Kiingereza cha mtihani, tena kwa kujiamini kuliko Mwingereza.

"Wake up ni macho kufunguka," nikamwambia. "Get up ni mwili kutoka kitandani. Mimi nina-wake up saa kumi na moja, nina-get up saa kumi na mbili. Saa nzima hapo katikati namlaumu mume wangu."

Suyun akacheka. Kichina nacho, akasema, kina xing ya kuzinduka na qichuang ya kuondoka kitandani, kwa hiyo maneno hayamsumbui. Kilichomsumbua ni mgonjwa mwenyewe. Alikuwa akimwamsha kama askari aliyekuja kukamata mtu.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji.

"Mtu mzima hatikiswi bega tu! Unamuuliza ameamkaje. Akijibu, watoto wake wameamkaje. Kwetu Same usipouliza, huna adabu."

Akaandika yote daftarini.

Siku ya mtihani, Mei 2018, nikampeleka Grand Prairie. Mgonjwa alikuwa bibi wa Kimarekani aliyejitolea kulala pale. Suyun alitakiwa amwamshe, amketishe na amwoshe miguu, yote kwa dakika kumi. Mlango uliachwa wazi nusu, nami nikachungulia.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama."

"Na watoto wako wameamkaje?"

Bibi akafumbua macho yote mawili. Wa kwanza yuko Houston, akasema, mgongo unamtesa. Wa pili hapigi simu, mwaka wa tatu sasa. Suyun akavuta kiti, akaketi. Msimamizi akatazama saa. Mimi kule mlangoni nikawa naonyesha kwa vidole: miguu! Miguu, jamani! Maji yakapoa kwenye beseni, na muda ukaisha.

Garini nilishindwa hata kuwasha injini.

"Nimekuponza, mdogo wangu. Nisamehe." Nikalia kwa aibu.

"Mafunzo nitarudia, dada Prudensia," akasema, akinipa kitambaa. "Lakini Jumamosi unipeleke kwa yule bibi, nimemwahidi. Ana watoto wanne, na tumeishia wa pili."