Jiko la Mama Mkwe Haliivishi

Karakana yangu ina sheria mbili, na nimezigombania na watu wazima wenye vitambi vyao. Ya kwanza: jiko la gesi nililolitengeneza halitoki mlangoni mpaka liivishe kitu mbele ya mwenyewe. Sisemi liwake. Kuwaka hata kiberiti kinawaka. Ya pili: mtungi wa gesi hauaminiwi kwa kutikiswa wala kwa maneno ya muuzaji. Unapanda mizani, unatoa uzito wa chuma uliopigwa chapa shingoni, kinachobaki ndiyo gesi. Muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kwa mama yake mzazi kwamba mtungi umejaa. Nikamwambia mama yake si mizani. Mpaka leo hanisalimii, na usingizi ninalala.

Sasa mtu kama mimi, ninayekula kwa moto, ndiye niliyeamua kwamba moto unaua chakula. Lilianza tumbo. Lilikuwa linajaa kila nikila, ndipo nikamwona kwenye simu dada mmoja mwenye meno meupe kama sinki jipya, anasaga majani na kuyanywa huku anacheka. Hapiki. Hali nyama, hali yai, hanywi maziwa. Nikajaribu wiki mbili. Jamani, nilikuwa mwepesi! Tumbo likatulia, uso ukang'aa, suruali ya kazi ikaanza kunidondoka. Kichwa kikavimba. Nikachomoa mpira wa gesi kwenye jiko la nyumbani, nikaukunja, nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo familia nzima inakula vibichi.

Baba watoto, ambaye ni kinyozi, aliniunga mkono haraka mno. "Afya kwanza, mke wangu," alisema, akitafuna kabichi kwa uchangamfu wote. Nilipaswa kushtuka. Kinyozi yule alikuwa anarudi nyumbani na harufu ya vitunguu vya kukaanga kwenye masharubu, anagusa majani kidogo, anasema ameshiba.

Watoto hawakuwa na pa kukimbilia. Wa kwanza ana miaka sita, tunamwita Wakili kwa sababu akianza kubisha hamalizi. Alibisha siku mbili, akachoka. Wa mwisho ana miaka mitatu, tunamwita Kidole kwa sababu ndicho alichokuwa anakula kabla ya kupata akili. Kidole hakubisha. Ila kila nikimpa kipande cha tango, alikuwa anakipuliza kwanza. Fuu, fuu, ndipo anakula. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikampiga video, nikamtumia dada wa meno, akanirudishia mioyo sita.

Kwenye ukuta wa karakana, nyuma ya mizani, nina mistari ya chaki. Kila tarehe mosi watoto wangu wanapanda pale panapopandishwa mitungi, na ninaandika uzito wao. Ilikuwa michezo yetu tu. Chaki ya mwisho ya Kidole ilisema kumi na tatu na nusu, kabla ya matango. Tarehe mosi iliyofuata nilikuwa na kazi nyingi. Tarehe mbili vilevile. Baadaye nikaanza kuegesha majiko mabovu mbele ya ukuta ule, nikajiambia nafasi ni ndogo.

Wiki ya tano mama mkwe alikuja kututembelea. Akafungua kabati la jikoni, akalitazama, akalifunga. Huyu ni mwanamke aliyelea watoto saba, na akifunga kabati la mtu taratibu ujue kuna jambo.

Jumatatu ya wiki ya sita akatokea karakana na jiko lake la meko mawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Jiko langu haliivishi."

Nikalifungua lote. Lilikuwa safi kuliko moyo wangu. Moto ukatoka wa buluu, umenyooka. Nikamwambia halina kitu.

"Aa, hilo unasema wewe," akasema. "Sheria yako si mpaka liivishe mbele yangu?" Akaingiza mkono kapuni, akatoa sufuria, mchele na chupa ya maji.

Saa sita watoto wangu wanatoka shule, wananingojea kwenye benchi la karakana. Wakamkuta bibi yao anapika wali. Nikamvuta pembeni. "Mama, nakuomba, usije ukawapa."

"Mimi niwape watoto wako chakula bila ruhusa yako?" Alishika kifua. "Nina adabu zangu. Mimi napima jiko."

Na kweli hakuwapa. Alionja kijiko kimoja, akasema limejitahidi, akafunika sufuria akaondoka nayo. Wakili alisindikiza ile sufuria kwa macho mpaka ikakata kona. Kidole alikuwa amelala kwenye benchi, saa sita mchana, na sweta juu ya sweta.

"Siku hizi analala sana," mama mkwe alikuwa amesema wakati anafunga kapu.

"Watoto wanalala, Mama."

Jumatano jiko likawa haliivishi tena. Safari hii mayai. Nilichemka kuliko ile sufuria. Nilijua ananifanyia kusudi, alijua kwamba najua, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kulisema kwa sababu mmoja wetu angelazimika kuomba radhi. Wakili akaniuliza kama yai likitumika kupima jiko bado linahesabika ni chakula. Nikamwambia anyamaze ale karoti.

Ijumaa alikuja na jiko, na viazi, na mtungi wake wa gesi. "Huenda wamenipunja," akasema. "Nipimie."

Nikasogeza majiko mabovu ili niifikie mizani vizuri. Nikapandisha mtungi. Umetimia, hata nusu kilo haijapungua. Nikaushusha, na kabla sijanyooka mgongo Kidole alikuwa ameshapanda. Miguu pamoja, mikono ubavuni, kama tulivyomfundisha.

"Na mimi, Mama."

Mshale ukasimama kwenye kumi na mbili na robo.

Nikamvua viatu. Sikufikiri, mikono ilifanya kwa mazoea ya kazi, kwamba uzito wa chombo hauhesabiwi pamoja na gesi. Nikamvua sweta la kwanza na la pili. Mshale ukashuka hadi kumi na moja na robo tatu.

Nikaitukana mizani. Nikasema imeharibika, chini hapako sawa, mtoto hajatulia. Nikamshusha, nikaurudisha mtungi wa mama mkwe kwa kishindo. Ukasoma vilevile kama mwanzo, bila aibu. Nikampandisha Kidole tena. Kumi na moja na robo tatu. Ningekuwa yule muuzaji, ningeapa kwa mama yangu.

Bila sweta mabega yake yalikuwa yanachongoka. Mimi ndiye ninayemwogesha mtoto huyu. Nilikuwa nimeyaona mabega hayo kila siku, nikajipongeza kwamba nyumbani kwetu hakuna mnene. Niliona aibu, aibu ya kutamani sakafu ipasuke. Ninagombana na watu wazima kwa nusu kilo ya gesi, na mwanangu mwenyewe amepungua karibu kilo mbili mbele ya macho yangu.

Mama mkwe alikuwa ameinamia jiko, anachoma kiazi kwa uma. Hakugeuka. Angenicheka ningepata cha kumjibu.

Nikachukua chaki. Chini ya kumi na tatu na nusu nikaandika kumi na moja na robo tatu, kwa tarakimu kubwa, mbele ya watu wote.

"Mama," nikasema. "Viazi vimeiva?"

"Wewe ndiye fundi."

Nikavipakua mwenyewe. Wakili alinyakua viwili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuuliza swali. Kidole nikampakata, nikampa chake mkononi. Nilimngojea apulize. Hakupuliza. Wiki za mwanzo alikuwa anapuliza hata vitu baridi, sijui lini aliacha. Alikitia mdomoni kikiwa cha moto hivyohivyo, kikamchoma, akaanza kulia, na huku analia anatafuna, na mkono mwingine tayari unatafuta cha pili.

Nikampulizia mimi. Nilipuliza kile kiazi mpaka kizunguzungu kikanishika.

"Leo nafunga karakana, nampeleka Kidole kliniki," nikamwambia mama mkwe. "Mimi nitaendelea na tango langu, tumbo langu linalipenda. Kosa langu ni kuliacha limsemee na Kidole. Na mwanao jioni nitamnusa masharubu."

Akacheka kidogo, akaanza kufungasha. Akafunga mtungi, akafuta jiko, akaliinua kwenda nalo.

"Liache chini, Mama," nikasema.

"Kwani vipi? Si limeivisha?"

Nikamtazama Kidole, mashavu yamejaa viazi na machozi.

"Hili jiko bado bovu sana," nikamwambia. "Kesho uje ulipime tena. Uje na mayai."