Jeni ya Mzee Radoi

Siku ya jina lake, ambayo kwao husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, Iskra alikuwa na haraka. Chokoleti za kuwagawia wenzake wa maabara zilikuwa mezani, na Plamen wa chumba cha pili alikuwa hatulii.

"We Iskra! Siku ya jina lako ndiyo unatushindisha na njaa?"

"Nakuja, mlafi wewe!"

Akavitoa vijichupa vya vipimo kwenye mashine ya joto kabla ya wakati wake.

Kimoja kilikuwa na vinasaba vya uvimbe wa ubongo wa Mzee Radoi, fundi viatu wa mji wa Asenovgrad. Madaktari walitaka kujua jambo moja: ile jeni inayokarabati seli zilizojeruhiwa, je, saratani imeizima? Jeni ni kama maandishi, na saratani huizima bila kubadili herufi yake hata moja. Huibandika vialama vidogo vya kemikali, basi, jeni ikawa ipo lakini haifanyi kazi. Ikiwa imezimwa, seli za uvimbe hushindwa kujiponya, na vidonge vya saratani huweza kuziua. Ikiwa iko wazi, yaani inafanya kazi, vidonge ni mateso ya bure. Kwa mzee kama yule, afadhali mionzi.

Kemikali ya kupimia hubadilisha herufi isiyo na alama, na ile yenye alama huiacha ilivyo. Isipopewa joto kwa muda wa kutosha, zote hubaki kama zilivyokuwa, kana kwamba zina alama, na jeni iliyo wazi huonekana imezimwa. Iskra alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwao. Tena siku ile hata kichupa cha shahidi, kile cha damu ya mtu mzima wa afya kinachopimwa pamoja na vya wagonjwa, kilionyesha jeni imezimwa. Kwa mtu asiye mgonjwa haiwezekani. Akajiambia kichupa kimechafuka, akaandika kwenye majibu ya Mzee Radoi: imezimwa.

Wiki kadhaa baadaye, baada ya mwaka mpya, alikutana na Bibi Nedelya, mke wa mzee, kwenye korido ya wodi, kashika beseni.

"Wewe ndiye binti wa vipimo? Ahsante, mwanangu. Anatapika mpaka nyongo, lakini namwambia, vumilia, mzee wangu, maabara wamesema dawa itakushika."

Iskra alirudi maabara, akatoa vinasaba vilivyobaki, akapima upya. Safari hii hakunyanyuka kitini mpaka mashine ilipomaliza. Shahidi alionyesha jeni iko wazi, kama ipasavyo. Ya mzee nayo ilikuwa wazi.

Akaenda kwa mkuu wake, Daktari Kerana, akamwekea majibu yote mawili mezani.

"Shahidi wako alisemaje siku ile?" Kerana aliuliza.

"Alisema imezimwa."

"Nawe ukamwona mwongo."

"Nilikuwa nimekatiza joto, daktari. Watu walikuwa wananingoja." Kusema sababu yenyewe kulimwaibisha kuliko kosa. "Niache niende nikawaambie mwenyewe."

"Tutakwenda wote. Yale majibu niliyatia saini mimi, na shahidi sikumtazama."

Mzee Radoi aliwasikiliza akiwa amelala, macho darini.

"Kumbe tumbo langu lina akili kuliko nyinyi nyote," alisema. "Lilikuwa linavikataa vile vidonge."

Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Mkewe hakucheka.

"Mimi nilikuwa namshika kidevu," Bibi Nedelya alisema. "Alikuwa anakaza meno kama mtoto, nami nambana, meza, Radoi, meza. Nilimpiga hata kofi."

"Bibi, kosa ni langu," Iskra alisema.

"Mkono ulikuwa wangu."

Iskra alitamani atukanwe, afukuzwe, atupiwe lile beseni. Hakuna aliyempa nafuu hiyo. Bibi alimgeukia Kerana.

"Hiyo mionzi inaanza lini?"

"Wiki hii. Muda uliopotea siwezi kukurudishia, mama."

"Najua huwezi. Tokeni sasa, alale."

Mlangoni Iskra alisimama. "Nisamehe, bibi."

Bibi Nedelya alikuwa amelowesha kitambaa, anampangusa mumewe kidevu, polepole, pale pale alipokuwa akipashika. Hakugeuka.