Kengele Iliyomfukuza Tadahiko

Ile njia ya changarawe iliyopanda milima ya Akita, huko Japani, katikati ya mierezi haikuruhusu magari. Mwalimu mstaafu Tadahiko aliipenda kwa sababu moja tu: hapakuwa na wa kuipita baiskeli yake.

Asubuhi hiyo akasikia kengele nyuma yake. Ilikuwa kengele ya dubu, ile wanayojifungia watu wa huko wakiingia msituni ili dubu asikie na kukaa mbali. Tadahiko hakujifungia kamwe. Alisema hayo ni mambo ya wachuma uyoga.

"Kuramochi huyo!" akafoka. Jirani yake Kuramochi alikuwa ameapa kumpita kwa baiskeli na kumlisha vumbi.

Akakanyaga pedali. Kengele nayo ikazidi. Akapunguza mwendo, nayo ikapungua. "Ananichezea, mshenzi huyu!" Akapanda mlima mzima kama mwizi aliyepigiwa kelele, bila hata kugeuka, maana kugeuka ni kukubali kwamba unaogopa.

Kileleni akaanguka majanini, baiskeli ikamwangukia, na kengele ikalia mara moja sikioni mwake. Ilikuwa imefungwa chini ya kiti chake mwenyewe, kwa utepe wa jikoni kwake.

Akarudi nyumbani akiikokota baiskeli, kengele mkononi.

"Sumie! Nani kafunga hii?"

"Mimi," mkewe akajibu, akimtazama alivyolowa jasho. "Lakini baba, nilitaka akimbie dubu, si wewe."