Mke wa Mti

Kila alipofika kwenye mparachichi wa pembeni, ule ulio karibu na mfereji, Yudita aliweka jembe chini. Miti mingine yote aliipalilia kwa jembe, harakaharaka, kama mtu anayelipwa kwa mstari. Huu aliupigia magoti. Aling'oa majani kwa mkono, akayakung'uta ili udongo ubaki palepale ulipokuwa, kisha akainuka kwa shida na kuendelea na mti unaofuata.

Binti yake, Dainess, alikuwa amelala kifudifudi kwenye umande akimrekodi. Sweta lake lilikuwa limelowa mpaka kifuani. Simu aliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye panda la mti lililochomekwa ardhini. Simu ya pili, iliyopasuka kioo lakini bado inasikia, ilifichwa ndani ya kitenge cha mama ili inase sauti. Hivyo ndivyo vilikuwa vifaa vyake vyote vya filamu, na hakuona kwamba vimepungua.

"Nirudie?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Hapana, mama. Lima tu."

"Si ndiyo ninalima. Watu watoke kwao waje kutazama mtu akilima? Kwani wao hawalimi?"

Dainess alicheka peke yake kwenye majani. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ule ukungu wa Juni ambao alikuwa ameungoja tangu wiki iliyopita, na sasa umekuja, mama yake akawa anaingia na kutoka ndani yake na jembe begani. Alijua anachokiona. Alitamani awepo mtu mmoja wa kumwambia, "Unaona?" Hakuwapo.

Shamba lile lilikuwa lao. Efraimu, baba yake Dainess, alizikwa pale, kama wazee wake walivyozikwa katika ardhi waliyoilima, na familia ilikuwa bado inajikusanya kuliwekea kaburi saruji wakati Hilario, mwenyekiti wa kijiji, alipoitisha kikao na shemeji wawili wa Yudita. Kikao kilikumbuka kwamba mwanamke huja kwa mume na ardhi hubaki ya ukoo. Ukoo nao ukaiuza kwa mwekezaji siku hiyohiyo. Kaburi lisilo na saruji lilionekana tuta la kawaida, trekta likapita, na mparachichi ule wa pembeni ukapandwa juu yake. Yudita hakutupwa, lazima tuwe wakweli. Alipewa upendeleo wa kuajiriwa kibarua.

Alikwenda kulalamika, ofisi baada ya ofisi. Kote alipofungua kinywa aliambiwa, "Sema Kiswahili, mama." Kiswahili chake kilitosha kuuzia viazi na kuitikia ibada. Cha kusimulia kaburi hakuwa nacho. Alikuwa akianza, anakwama, anaingiza Kibena, wanaangaliana, wanamwambia arudi na mtu wa kumsemea.

Ndiyo maana siku ya mwisho ya kurekodi, Dainess alimkalisha chini ya mti ule na kumwambia, "Sema kwa lugha yako, mama. Yote. Safari hii hakuna atakayekukatiza."

"Hata nikinyamaza kwanza?"

"Hata ukinyamaza."

Yudita alinyamaza kweli. Alitazama mikono yake, akatazama mti, upepo ukapita. Kisha akasema. Alieleza Efraimu alivyokuwa akipiga mluzi akirudi jioni, alivyolala pale chini kichwa kikielekea mlimani, na mizizi iliyomfikia sasa. Akamtaja Hilario kwa jina lake na la baba yake. Hakukwama hata mahali pamoja. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye kitenge, akauliza kama anaweza kwenda kupika. Dainess alikuwa analia na hakuizima simu.

Filamu aliiunganisha kwenye chumba chake cha kupanga Mahongole, kwenye simu hiyohiyo iliyokuwa ikipata moto mpaka akailaza juu ya kitambaa kibichi. Mchana alipiga picha za pasipoti na kurekodi harusi za watu mjini Makambako, harusi zenye maua yanayorushwa na herufi za dhahabu zinazozunguka. Ya mama hakuiwekea kitu. Hakuweka muziki. Aliacha sauti ya jembe, ukungu, na ule ukimya mrefu kabla ya maneno. Jirani yake alipoonyeshwa alitazama kwa adabu mpaka karibu nusu, akauliza, "Itaanza saa ngapi?"

Aliiweka mtandaoni. Walioitazama walikuwa wachache, na baadhi yao alikuwa yeye mwenyewe. Lakini hakuwa ameitengenezea mtandao. Alitaka watu wa Makambako, wanaomjua Hilario, wanaomsalimia sokoni, wakae pamoja mahali pamoja na kumsikia Yudita mpaka mwisho. Kwa hilo, aliambiwa, ni lazima kibali, na kibali hutolewa Njombe, mkoani.

Benchi la ofisi ile lilikuwa la baridi na la kungojea. Geofrey, ofisa aliyeshughulikia mambo ya sanaa, alimpokea mchana, koti limefungwa vifungo vyote. Aliitazama filamu akiisogeza mbele kwa kidole gumba.

"Mama analima," alisema. "Analima tena. Anakula viazi. Mbona hakuna stori?"

"Ndiyo stori, mkuu."

"Umerekodi kwa kamera gani?"

"Simu."

"Simu." Aliirudisha mezani taratibu. "Basi hii si filamu, binti. Hii ni klipu. Klipu haihitaji kibali."

"Ninaweza kuionyesha, basi?"

"Ngoja. Huku mwisho anataja kiongozi kwa jina. Ikitaja kiongozi inakuwa filamu. Filamu inahitaji kibali. Na kibali kinahitaji kampuni iliyosajiliwa, andiko, na barua ya kijiji ulikorekodi, yenye sahihi ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti ndiye huyo anayetajwa."

"Utaratibu ni utaratibu. Au toa jina."

"Siwezi kulitoa, mkuu. Ni mama anasema."

"Mtafutie mama maneno mengine." Alimtazama Dainess kwa muda, na sauti yake ikalegea kidogo, kama ya mjomba. "Mimi sikuzuii. Mnasema tunawazuia vijana, si kweli. Tena yuko kwenye Kibena, nani ataelewa? Watu wanatoka kila kabila pale Makambako. Filamu za nje zinatafsiriwa, si ndiyo? Mpelekee Remmy. Aitafsirie. Nitamwambia mwenyewe. Kwa njia hiyo mimi sijaiona."

Dainess alisema asante. Alijichukia kwa kusema asante, na bado akaisema tena mlangoni.

Remmy alikuwa na kibanda umiza cha mbao na mabati nyuma ya maduka ya vipuri. Siku za mpira kilionyesha mpira, na siku nyingine sinema za Kihindi na za Kichina ambazo Remmy mwenyewe alizitafsiri kwa maiki, akiishusha sauti yao na kuipandisha yake. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Angeweza kumfanya jenerali wa Kichina agombane na mkewe kuhusu bei ya mbolea, na watu wakarudi kesho kumsikiliza tena.

Yeye aliitazama filamu yote bila kusogeza mbele.

"Wewe unaona," alisema. "Kweli unaona. Ukungu ule, dada, mimi nimezaliwa ndani yake na sikuwahi kuuona hivyo."

Ulikuwa mwaka mzima tangu Dainess aanze, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kusema hivyo.

"Lakini bila maneno itaniulia kibanda," Remmy aliendelea.

"Ni filamu ya kimya, kaka."

"Kimya mtu anakipata nyumbani kwake bure. Nitatafsiri huku mwanzo, kidogo tu, watu wasiondoke. Pale mwisho mama akianza kusema, nitanyamaza. Mimi mwenyewe Mbena. Bibi yangu naye yuko shambani."

Dainess alimwamini. Angemwamini nani mwingine?

Ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada. Yudita alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa kitenge cha kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Alisalimia kila aliyemkuta mlangoni, "Kamwene," wakamwitikia, akaketi benchi la mbele na mkoba magotini. Kibanda kilijaa. Wapakia mizigo, mafundi, madereva wanaongoja magari yao, wazee wachache waliosikia kwamba kuna picha ya huku kwetu.

Kicheko kilianza mapema. Remmy alimfanya Yudita alalamike kuhusu mgongo, kuhusu mkwe mvivu, kuhusu jembe lililonunuliwa kwa mkopo wa kikundi. Watu walipiga mabenchi. Kisha mama wa kwenye kioo akafika kwenye mparachichi wa pembeni na kupiga magoti.

"Oneni sasa," Remmy alisema kwenye maiki. "Miti yote jembe, huu magoti. Jamani, huyu ana ndoa na huu mti. Huyu ni Mke wa Mti!"

Kibanda kililipuka. Yudita aligeuka nyuma kuona wanacheka nini, akatabasamu kidogo, kama anavyotabasamu mgeni asiyetaka kuharibu shughuli ya watu.

Ikaja sehemu ya mwisho. Yudita wa kwenye kioo alikaa chini ya mti, na Remmy, kama alivyoahidi, alinyamaza. Ukabaki upepo tu. Lori lilipita nje na sauti yake ikachanganyika na upepo wa ndani.

"DJ, umelala?" mtu aliuliza.

"Rudisha hela zetu basi."

Dainess alikuwa amesimama ukutani, ameshika ubao kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Kisha mama akaanza kusema, na sauti yake, sauti yake mwenyewe, ikatoka kwenye spika kubwa na kujaa mle ndani. Wanaojua Kibena wakaacha kunong'ona. Mzee mmoja nyuma alivua kofia. Dainess alimwona akiivua, akaiweka gotini, na kwa muda huo hakuwa peke yake duniani.

Remmy alielewa kila neno. Alijua mluzi uko wapi, kichwa kilicholala kuelekea mlimani kiko wapi, na alijua jina liko wapi. Kabla halijafika, mkono wake ulikwenda kwenye kitufe na kuishusha sauti.

"Mume wangu wee," alisema kwa sauti nyembamba ya kike, "mume wangu mparachichi, wenzako wanawanunulia wake zao vitenge, wewe kila mwaka unaniletea majani!"

Midomo ya Yudita iliendelea kusogea. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wengi walikuwa wameinua simu, wanarekodi. Mzee wa nyuma alivaa kofia yake, na naye akacheka.

Dainess alimkuta Remmy nje, anafungua soda.

"Ulisema utanyamaza."

"Nilinyamaza. Hukuwasikia? Walitaka hela zao." Hakumtazama. "Na kibali cha kibanda, dada, unadhani kinasainiwa wapi? Nilipigiwa simu kutoka Njombe. Niliambiwa jina lisisikike, basi. Hayo mengine nimeyaongeza mwenyewe, ili usiaibike."

"Nisiaibike."

"Wameipenda. Wanauliza sehemu ya pili."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo palipouma. Dainess alitaka kumpiga, na alitaka pia arudie lile neno alilosema siku ile kuhusu ukungu. Alikwenda kumchukua mama yake, aliyekuwa bado ameketi benchi la mbele, peke yake sasa, akitazama kioo kilichozimwa.

Walitembea kuelekea kituo cha bodaboda. Mama alikuwa anatembea taratibu, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Yule aliyekuwa anasema ni nani?" aliuliza.

"Ni Remmy, mama. Mwenye kibanda."

Yudita alifikiri. "Kumbe na huku pia wanataka Kiswahili," alisema, na akapanda pikipiki.

Jumatatu Dainess alikwenda naye shambani. Hakuwa na la kurekodi, ila hakutaka mama aende peke yake, na simu aliiacha chumbani. Vibarua walikuwa wamejipanga langoni kwenye ukungu, mikono kwapani. Baadhi yao waliinamia simu moja, wakamwona Yudita, wakaizima haraka, halafu wakashindwa kujizuia. Simu za kurekodia ni nyingi siku hizi, na kila mtu anayo.

Msimamizi alitoka na karatasi yake kuita majina. Anayeitwa huinua mkono na kupewa jembe. Asiyeitika hurudi nyumbani, hakuna maswali. Aliita mmoja, mwingine, akafika mahali akasita, akatabasamu akiitazama karatasi.

"Mke wa Mti."

Kicheko kilipita kwenye mstari na kufa. Hakuna aliyeitika. Dainess aliushika mkono wa mama yake ndani ya kitenge, akaubana. Msimamizi alisubiri kidogo, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

"Mke wa Mti hayupo?"

Yudita alitazama juu ya bega la msimamizi, kule kwenye mfereji, ambako ukungu ulikuwa umefunika kila kitu mpaka mti wenyewe hauonekani. Mkono wake ukateleza taratibu kutoka mkononi mwa binti yake, ukainuka.

"Nipo," alisema, kwa Kiswahili, akapewa jembe.