Meli Katika Shamba la Lukresia

Lukresia alikuwa anapeta maharage mbele ya jiko lake, kijijini Rhotia, Karatu, wakati watu wa kampuni ya meli walipokuja kupima ukungu. Walikuwa watatu, wamevaa makoti ya mvua na mabuti, na mmoja wao alibeba kamba ndefu yenye timazi la fundi ujenzi mwishoni. Walisalimia vizuri, wakaomba ruhusa ya kupanda mti wa mgrevilea uliosimama mpakani mwa shamba. Lukresia aliwaambia wapande, ila wajihadhari na siafu.

Aliyepanda alikuwa Bwana Bartolomeo, mwenyeji wa Mbulu, wakala wa kampuni kwa ukanda wote wa juu. Alipofika kwenye matawi ya mwisho kichwa chake kilitokeza juu ya ukungu, kwenye jua, na kutoka huko akateremsha timazi mpaka likagusa udongo. Alisoma kamba, akamtajia mwenzake kipimo, akashuka huku akijikung'uta siafu shingoni. Leo walikuwa wanajaribu vifaa tu, alisema. Kipimo chenyewe kingechukuliwa Alhamisi.

Meli za watalii zilikuwa zimeanza kupandisha Karatu tangu mwaka juzi, miezi ya baridi, ukungu unapokuwa mzito wa kubeba chuma. Zilitokea upande wa Manyara alfajiri, zikapita juu ya ngano na mbaazi, zikaingia kreta na kuendelea na safari zao. Watu walizizoea upesi. Malalamiko pekee yaliyofika kijijini yalihusu honi, kwamba inawatisha kuku wanaoatamia. Sasa kampuni ilitaka meli moja ianzie safari hapa hapa badala ya kupita tu, na ndiyo maana Bartolomeo alikuwa juu ya mti.

Lukresia aliwakaribisha chai, akamuuliza kampuni inachaguaje meli ipi ianzie wapi. Aliuliza kama mtu anayetafuta mazungumzo ya kunywea chai, lakini alikuwa na sababu yake. Binti yake, Selestina, alikuwa anatandika vitanda katika meli mojawapo ya kampuni hiyo. Alikwenda kuajiriwa mbali, kwenye bandari ya nchi za baridi, akamwacha mtoto wake Brigita hajaanza kutambaa. Sasa Brigita alikuwa anakimbiza mbuzi na kujibu wakubwa, na mama yake alimjua kwa picha za simu tu. Lukresia alimpenda mjukuu wake kupita kiasi, na kila jioni alipomlaza alisikia uchungu, kwamba anafaidi kitu ambacho mama wa mtoto hajakionja.

Bartolomeo alikuwa mtu wa kupenda kueleza. Watu hudhani bandari inachaguliwa kwa uzuri, alisema, kumbe uzuri ni wa kupitia tu. Bandari ya kuanzia inatafutwa kama mtu anavyotafuta mahali pa kufungua duka. Ndege zitue karibu. Vitanda vya loji viwepo vya kutosha, maana abiria mwenye wasiwasi hufika siku moja kabla. Mboga na mayai vipatikane bila kusafirishwa kutoka mbali, na Karatu kwa hilo haikuwa na mpinzani. Halafu kila meli ina watu wake. Ile kubwa mpya hupelekwa wanakojaa watu wenye watoto, wanaokuja na magari yao na hawaogopi kelele. Ile ndogo kuukuu hupelekwa kwenye bandari ngeni kujaribu maji, kwa sababu wanaoipanda ni wazee walioona kila kitu na wanataka kuona kisichojulikana. Ila juu ya yote hayo kuna kina. Kama ukungu wa Rhotia ungefika kipimo cha meli ya kati, ingeletwa ya kati, na ile ndogo ingerudishwa kwenye bandari za baridi kwa miaka mingine miwili.

Lukresia alimwongezea chai. Selestina alikuwa kwenye ile ndogo.

Habari za kipimo cha Alhamisi zilienea, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Raphaeli, hakutaka mchezo. Aliitisha mkutano, akasema haiwezekani Karatu yenye loji zote hizi iletewe meli kuukuu kana kwamba sisi ni watu wa masalia. Kila kaya ilitakiwa kuinjika sufuria kubwa ya maji kabla ya alfajiri siku ya kipimo, na kuiacha ichemke bila mfuniko, ili mvuke uongeze ukungu. Watu walipiga makofi. Lukresia naye alipiga makofi, tena akasifu wazo lenyewe.

Alhamisi alfajiri kila jiko la Rhotia lilikuwa linachemka. Ukungu ulinenepa mpaka watu wakapishana barabarani kwa kugusana mabega. Lukresia peke yake alikuwa amefunika moto wake kwa majivu tangu jioni. Aliamka mapema, akaenda mwisho wa shamba upande wa korongo, akaondoa matawi ya miiba aliyokuwa ameyapanga kuzuia mbuzi. Ukungu ukaona njia. Ulianza kuteremka korongoni polepole, kisha kwa kasi, ukielekea Manyara, naye akasimama pembeni kuhakikisha haukwami popote. Mashamba yanayoweza kupokea meli, marefu, tambarare na yaliyo karibu na lami, yalikuwa mawili tu, na lile la Raphaeli lilikatwa katikati na nguzo za umeme. Kwa hiyo kipimo cha Rhotia kilikuwa kipimo cha shamba la Lukresia.

Bartolomeo alipanda mgrevilea, akashusha timazi, akasoma. Akashusha tena. Alisema inashangaza kidogo, lakini kamba haidanganyi: Rhotia ingepata meli ndogo. Raphaeli alinuna siku nzima. Lukresia alimpelekea maharage mabichi kumpoza, na usiku ule alilala usingizi mzito sana, hata Brigita akaamka kabla yake.

Meli ilifika Jumamosi ya kwanza ya Julai. Ilikuja taratibu juu ya mabua ya mahindi, nyeupe, ina kutu kidogo kwenye mnyororo, ikashusha nanga kando ya choo. Jua lilipopanda ukungu ulianza kupungua, meli nayo ikateremka nao, mpaka ikakaa ardhini ikiwa imeinama kidogo kuelekea jikoni. Abiria wa zamani walishuka kwa ngazi, wakapanda magari ya loji yaliyopanga foleni mpaka barabarani. Kabichi, karoti na trei za mayai vilipanda kwa mlango wa chini. Raphaeli, aliyekuwa amepewa kazi ya kuelekeza magari, alisahau kununa.

Lukresia alikuwa amevaa kitenge kipya. Alikuwa amechinja jogoo na kupika chapati, na Brigita alikuwa ameogeshwa, akapakwa mafuta mpaka magotini. Walisimama chini ya ngazi wakiangalia kila aliyeshuka. Walishuka wazee wenye fimbo za kutembelea, akashuka padre wa nchi nyingine, akashuka mwanamke aliyebeba kofia tano. Selestina hakushuka. Kisha simu ya Lukresia ikaita.

"Mama, angalia juu, upande wa jikoni," Selestina alisema. "Dirisha la mviringo lenye pazia la bluu."

Lukresia akaangalia. Uso wa binti yake ulikuwa pale, nyuma ya kioo kisichofunguka, juu kidogo ya paa la jiko. Alikuwa amenenepa mashavuni. Lukresia aliona kidevu cha marehemu mume wake, akafurahi.

Selestina alimweleza kwamba hii ni siku ya kubadilisha abiria. Waliolala wanatoka, watakaolala wanaingia, na katikati yake kila shuka, kila foronya na kila choo lazima viwe vipya kabla ukungu haujarudi jioni. Watu wa vitanda hawaruhusiwi kushuka siku hiyo. Lukresia akasema sawa, akamwinua Brigita juu ili aonekane, akamshikilia hivyo mpaka mikono ikachoka.

Baadaye alibeba yule jogoo kwenye hotipoti, akaenda kwa ofisa wa meli aliyekaa chini ya ngazi. Bartolomeo alitafsiri. Lukresia alisema hadai ruhusa ya siku nzima. Nyumba ni ile pale, mtu anaweza kushuka, akambeba mwanawe, akarudi kabla chai haijapoa. Ofisa alikuwa mtu mpole. Alisimama kumjibu, kwa heshima, na alisikitika waziwazi.

"Bandari ya kuanzia ni bandari ya kazi, mama," Bartolomeo alitafsiri. "Ruhusa ya kushuka inatolewa njiani. Binti yako ana muda wa saa mbili, kule ziwani Engaresero, kila Jumatatu."

Lukresia aliuliza kama kanuni hiyo inajua kwamba meli imekaa shambani kwake. Ofisa alijibu kwamba kanuni ni moja kwa bandari zote. Alishukuru kwa jogoo, akapokea hotipoti kwa mikono miwili, na kwa kweli ilifika kwa Selestina ikiwa na moto.

Jioni ukungu ulirudi, meli ikanyanyuka, ikaondoka kuelekea kreta. Udongoni uliachwa mfereji mzuri ulionyooka, ambao Lukresia aliutumia kupitishia maji ya vitunguu. Kila Jumamosi meli ilirudi na kukaa pale pale, na dirisha lenye pazia la bluu lilikuwa daima juu ya jiko. Selestina alikuwa akitandika kitanda cha mwisho, kile cha dirishani, kwa muda mrefu kuliko vingine. Aliona Brigita akila, akipigwa kofi la mkono kwa kuchezea moto, akilala juu ya gunia. Lukresia alianza kufanya kazi zake zote upande ule wa nyumba. Alipika huku simu iko kifuani, wakizungumza habari za ndugu na bei ya mbolea, na kwa wiki kadhaa alijiona mwenye bahati kuliko akina mama wote wenye watoto walio mbali.

Hata hivyo mtu hambebi mwanawe kwa macho. Jumapili moja mwezi wa Agosti Lukresia alifunga chapati kwenye kitambaa, akampa jirani mbuzi amwangalizie, akapanda basi na mjukuu wake mpaka Mto wa Mbu. Pale walipata gari la kwenda Engaresero, lililojaa unga, magodoro na watu. Walikaa karibu na Nanyokie, mwanamke wa Kimasai aliyezaliwa Kakesio, kwenye hifadhi ya kreta, na kuolewa Engaresero, ambaye alimpakata Brigita bila kuombwa. Njia ilikuwa ya mawe na vumbi. Nanyokie aliuliza wanakwenda kwa nani, Lukresia akamweleza yote, kwamba jana mtu mwenyewe alikuwa juu ya jiko lake na kesho atakuwa ziwani, na kwamba ni lazima wamfuate huko ili wamshike. Nanyokie aliona ni safari yenye maana. Akasema yeye anaijua meli hiyo.

"Inashuka kreta," alisema. "Ng'ombe wa baba yangu walikatazwa kushuka kule, hata kulamba magadi tu. Meli ina ruhusa."

Hakusema kwa hasira. Alimkinga Brigita na vumbi kwa shuka lake, wakaendelea na habari za mvua. Usiku ule aliwalaza kwake, akawapa maziwa.

Jumatatu asubuhi mvuke ulikuwa bado umelala juu ya Ziwa Natron, na meli ilikuja juu yake kwa utulivu, flamingo wakiipisha kwa uvivu. Ilisimama mahali tope linapokauka. Ngazi ikashushwa. Watu wa vitanda walishuka wa mwisho, wamevaa sare za kijivu, na miongoni mwao alikuwa Selestina, akitembea haraka bila kukimbia, kwa sababu kukimbia mbele ya abiria hakuruhusiwi.

Brigita alijificha nyuma ya kitenge cha bibi yake. Aliuangalia uso, akautambua, maana uso alikuwa ameuzoea. Akaangalia chini. Akaangalia kwa muda, kisha akavuta kitenge.

"Bibi," alisema. "Mama ana miguu."

Selestina alicheka sana, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akapiga magoti kwenye chumvi. Brigita alimzunguka kumkagua. Aligusa visigino, akagusa soksi, kisha akakubali kubebwa. Walikaa kwenye kivuli cha meli, wakala chapati, na Lukresia aliwaangalia wawili hao akashiba bila kula. Hakumbuki walizungumza nini. Anakumbuka Brigita alilala kifuani kwa mama yake mdomo wazi, na kwamba honi ilipopigwa ilibidi watu wawili kumtoa pale bila kumwamsha.

Jumamosi iliyofuata Bartolomeo alipita kunywa chai. Alikuwa na furaha. Meli ilikuwa imejaa safari zote, wazee waliisifu Rhotia mpaka makao makuu, na kampuni ilikuwa inafikiria kuileta ile ya kati mwakani. Kilichobaki ni kupima upya ukungu. Lukresia alimwambia kwamba yeye amezaliwa hapa na anaujua ukungu wa shamba lile. Hautaongezeka, alisema.

Juu ya jiko pazia la bluu lilifunguliwa. Brigita, aliyekuwa anasubiri tangu alfajiri, alinyoosha kidole kwenye miguu yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kisha akanyoosha kidole juu. Selestina alielewa. Alivua kiatu na soksi, akapanda juu ya kitanda alichokwisha kutandika, akaegemeza unyayo kwenye kioo. Brigita aliuangalia mpaka akaridhika. Ndani ya meli mtu aliita, mguu ukaondoka, shuka likanyooshwa upya, na Lukresia akaingia ndani kukanda unga wa chapati za Engaresero.