Mabaka Shingoni mwa Karanga

Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa maswali mafupi, na swali lake la kwanza ndilo lililozua kizaazaa chote. Alisimama katikati ya banda la farasi, viatu vyake vya mpira vimezama kwenye maranda, akapitisha kiganja shingoni mwa poni waliyemwita Karanga. Ngozi ile ya kahawia iliyozoea kung'aa ilikuwa imevimba mabaka, mengine madogo kama kifungo cha shati, mengine mapana kama kifuniko cha chupa. Karanga alikuwa amejikuna kwenye nguzo usiku kucha hadi manyoya ya begani yakanyonyoka.

"Huu ni mzio," daktari akasema. "Mwili wake umekataa kitu. Sasa niambieni, kipi kipya humu bandani? Chochote kilichoingia mwezi huu, hata kiwe kidogo namna gani."

Macho yote yakamgeukia Kamanda. Jina hilo mama huyu hakujipa, na wala hakuwahi kuvaa magwanda. Lilimjia lenyewe kwa jinsi alivyowapanga watu, ndoo na majembe kila asubuhi kwa miaka ishirini na mbili. Lau msumari mmoja ungehama ukutani, angejua, na angetaka kujua nani kauhamisha.

"Sabuni," akajibu bila kupepesa. "Mkwe wangu kabadilisha sabuni ya kufulia mablanketi."

Mkwe mwenyewe alikuwa pale pale, ameshika kamba ya Karanga. Alikuwa ameolewa na mwana pekee wa Kamanda miezi minane tu, na kazini alikuwa na miezi mitatu. Akainamisha kichwa. Sabuni aliibadilisha kweli, kwa kuwa ile ya zamani ilikwisha, na kwa kuwa Kamanda mwenyewe ndiye aliyemtuma akanunue yoyote atakayoikuta.

Daktari akaandika. Kamanda akaendelea kutaja: molasi ya kuchanganyia pumba, gunia jipya. Maranda, maana seremala wa zamani alifunga karakana, wakapata ya seremala mwingine. Dawa ya kufukuzia inzi.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo mtu anapotamani kumtikisa mabega.

Mpango wa daktari ulikuwa rahisi ila ulitaka subira. Waondoe kitu kimoja kwa wakati mmoja, siku nne nne, wasiguse kingine. Kila asubuhi waandike mabaka yako wapi. Wakianza kuondoa vitu vyote kwa pamoja, alionya, poni atapona na wao watabaki gizani, kisha siku moja kile kitu kitarudi.

Mwenye banda, mwanamume mpole aliyechukia kugombana na watu, alisubiri daktari aondoke ndipo aseme lake. Karanga ndiye farasi wa watoto wanaoanza kujifunza, na wazazi walikuwa wameanza kuwavuta watoto wao pembeni, wakidhani mabaka yanaambukiza. Kwa hiyo aliwapa wiki tatu. "Jumamosi ya tatu ikifika hatujajua sababu, Kamanda, nitampeleka kwa binamu yangu kule kwenye baridi. Huko atakaa malishoni tu, apumzike."

"Apumzike nini? Kwani amechoka?"

"Mimi sipendi. Lakini siwezi kuweka mnyama mwenye ugonjwa usiojulikana kati ya watoto wa watu."

Karanga alizaliwa mikononi mwa Kamanda, mama yake akafa siku ile ile, na ni yeye aliyemlea kwa chupa, akilala kwenye magunia ya pumba majuma sita mfululizo. Mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akisema ana mume mwenza mwenye kwato. Hakutaka kuwazia banda bila Karanga, akaenda kupanga ndoo ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Wakaanza na sabuni, bila shaka. Mablanketi yakafuliwa kwa maji matupu. Mkwe alipewa kazi ya daftari, na kwa kuwa hakuwa mwandishi, akawa anachora: kila asubuhi ukurasa mmoja, Karanga wa upande wa kushoto na Karanga wa upande wa kulia, na kila baka mahali pake. Alichora vizuri, masikio na kila kitu. Akimaliza alimkabidhi Kamanda daftari kwa mikono miwili, naye Kamanda akalitupia jicho moja na kulisukuma kwenye rafu.

"Mabaka ni yale yale," akawa anasema. "Sabuni ilishaingia kwenye damu."

Siku nne zikapita. Wakairudisha sabuni, wakaondoa molasi. Karanga akasusa chakula siku nzima, mabaka hayakumsikiliza mtu. Wakaondoa maranda, wakatandika nyasi kavu. Wakaondoa dawa ya inzi, na inzi wakaja na jamaa zao wote. Mabaka yakawa yanatoka, yanafifia, yanatoka tena. Kamanda alianza kuishi roho juu. Alimfokea mkwe kwa kuacha mlango wazi, kisha akamfokea kwa kuufunga.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kikopo ambacho bado hatujakitaja.

Wiki tatu kabla ya hayo yote, mkwe alikuwa ameona jinsi mama mkwe wake anavyoshika brashi asubuhi: vidole vimekakamaa, vifundo vimevimba, anameza maumivu kimya kimya. Jioni hiyo akamletea kikopo cha dawa ya kuchua, kilichochanganywa kafuri na pilipili, kimefungwa kwenye kitambaa kisafi. Ilikuwa zawadi yake ya kwanza kwake. Kamanda alikitazama kama mtu aliyeletewa fimbo ya kutembelea.

"Nani kakwambia nina mikono ya kizee? Mpe bibi yako."

Kumbe alikuwa na hofu tu. Mtu wa farasi asiye na mikono hurudishwa nyumbani, na hapo hapo bandani palikuwa na msichana mwenye mikono mizuri, mwepesi wa kujifunza. Siku mbili baadaye mkwe alipouliza kwa adabu kama kile kikopo bado kipo, Kamanda akamwambia amempa jirani.

Hakumpa jirani. Kilikuwa nyuma ya gunia la pumba kwenye stoo, na kila asubuhi kabla wengine hawajafika alijifungia humo, akajichua viganja na vidole hadi vikalegea. Dawa ilifanya kazi ajabu. Na daktari alipouliza kipya cha bandani, kikopo hakikumpitia hata akilini, maana daktari aliuliza mambo ya farasi, na ile ilikuwa siri ya mtu na mikono yake.

Alhamisi ya wiki ya tatu, siku mbili kabla ya gari la kumbeba Karanga kufika, Kamanda alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalifungua daftari kwa mara ya kwanza kwa makini. Hakuwa na jingine la kufanya. Alitaka kumuona Karanga akiwa bado wa kwao.

Akageuza kurasa taratibu. Ukurasa wa Jumatatu ulikuwa karibu mtupu. Akaruka hadi Jumatatu iliyofuata: mtupu. Jumatatu ya wiki hii pia, vidoa viwili tu vilivyofifia. Akakunja uso. Mchoro wa Jumatatu asubuhi ni wa mambo ya Jumapili. Jumapili kuna nini? Jumapili hakuna watoto, lakini tandiko huwekwa Jumamosi na Jumatano tu, na siku nyingine mabaka yapo. Chakula ni kile kile, inzi ni wale wale. Jumapili kinachokosekana ni yeye tu, kwa sababu ndiyo siku yake ya kupumzika.

Akatazama tena michoro. Mgongoni hapakuwa na baka hata moja, tumboni vile vile. Yote yalikuwa kwenye paji la uso, nyuma ya masikio, na shingoni chini ya singa, pande zote mbili. Farasi wengine Kamanda aliwasugua kwa brashi akaendelea na safari yake. Karanga alimshika pia kwa mikono mitupu. Kila asubuhi, kabla ya kuzungumza na binadamu yeyote, alimkumbatia shingo, akampapasa nyuma ya masikio, akamsugua paji la uso na kumwambia habari za nyumbani.

Kamanda akainua viganja vyake akavinusa. Kafuri. Pilipili.

"Ni mimi," akasema kwa sauti, na Karanga akageuza sikio.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa la kishujaa. Alikwenda bombani akanawa hadi kwenye viwiko, mara tatu, akiangaza huku na huku. Njia ilikuwa nyeupe: aache dawa, Karanga apone, mambo yaishe kimya kimya na lawama zibaki kwa sabuni. Sabuni haina mdomo wa kujitetea. Wala mkwe hakuonyesha kuwa nao.

Ijumaa asubuhi Kamanda hakujichua. Vidole vilikataa hata kufungua kitasa, lakini mchana shingo ya Karanga ilikuwa laini. Akamwita mwenye banda aone.

"Nimefurahi," mwenye banda akasema baada ya kumpapasa Karanga kila mahali. "Lakini yalishawahi kufifia, yakarudi. Sababu ni nini?"

Daktari alikuwa amekuja kumpima Karanga kwa ajili ya safari. Mkwe alikuwa mlangoni na daftari lake. Kamanda aliwatazama mmoja mmoja, akapiga moyo konde, akaenda stoo. Alirudi na kikopo bado kimefungwa kile kitambaa.

"Hii hapa," akasema. "Naipaka mikononi kila siku kabla ya kumshika. Mikono yangu imeharibika, nilikuwa naficha. Sabuni haina kosa, na huyu binti hana kosa. Nilimsingizia."

Daktari alichukua dawa kidogo kwa ncha ya kidole akiwa amevaa glavu, akampaka Karanga begani mahali padogo, kisha wakakaa kusubiri. Kabla chai haijapoa, baka moja lilikuwa limeinuka pale pale, limevimba vizuri. Daktari akaliosha, akacheka kidogo, akafunga begi lake. Mwenye banda akapiga simu kulighairi gari la kesho.

Wawili walipobaki peke yao, mkwe aliendelea kushika daftari lake kifuani.

"Mama," akasema, "nilijua unaipaka. Harufu yake naijua tangu utoto."

"Tangu lini umejua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Ila kwamba ndiyo inayomwasha Karanga, hilo nimelishuku wiki hii, nilipoziona zile Jumatatu."

"Na ukakaa kimya?"

"Ulisema umempa jirani. Ningekuita mwongo mbele ya watu?" Akalitazama daftari. "Nikawa nachora tu. Nilisema moyoni, ipo siku utatazama, utaona mwenyewe."

"Na nisingetazama?"

"Leo ningesema. Nilishakunja nguo zangu kabisa, nikijua jioni sina pa kulala."

Kamanda alitaka kumkaripia, maana ndivyo alivyozoea. Lakini aliona aibu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko vidole. Alichukua brashi ya Karanga iliyokuwa ukutani, brashi ambayo kwa miaka kumi na minne hakuna mwingine aliyeigusa, akaiweka mkononi mwa mkwe wake.

"Anza shingoni. Usimkandamize, hapendi. Na umwambie habari za nyumbani, asipozipata hatulii."

Akakaa juu ya ndoo yake, akasikiliza. Mkwe alianza kwa haya, akamwambia Karanga kwamba paa la jikoni linavuja na kwamba mume wake amelitazama mara tatu bila kupanda ngazi. Kamanda akacheka hadi akajifuta macho.

Karanga alipokuwa amekwisha kusuguliwa, amelishwa na kufungiwa, Kamanda alikifungua kile kikopo, akakiweka gotini.

"Navaa glavu kesho," akasema. "Leo vidole vimekaza sana, mwanangu. Siwezi mwenyewe."

Akamnyooshea mkwe wake mikono yote miwili.