Mkono Ulioshika Kinyonga

Murekatete hakuwa msichana wa maneno. Kanisani alikaa karibu na mlango, na wenzake walipocheka kwa sauti yeye aliziba mdomo kwa kitenge. Shule aliiacha mwaka wa nne wa msingi, akabaki kuchunga ng'ombe wa mama yake juu ya kijiji cha Kingi. Lakini vijana wa parokia walipoanza kutembea msituni baada ya misa, kila mmoja na telefone yake, wakipiga foto za ndege na wanyama za kutundika katika ukumbi wa parokia, ukimya wake ulimfaa. Jumapili moja wenzake walifika kinamasini wakibishana, korongo wakaruka kabla kamera hazijafunguliwa. Yeye aliyebaki nyuma alimpata ndege chozi akifyonza ua, kichwa kimezama, mgongo unang'aa kama kipande cha chupa ya kijani.

Jumapili hiyohiyo alimwona kinyonga mwenye pembe tatu katikati ya njia, na ng'ombe walikuwa wanakuja. Hakungoja. Alimwokota kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akapiga. Foto ikatoka safi: jicho moja la kinyonga linamtazama mpigaji, jingine linawatazama ng'ombe, na miguu imekumbatia vidole vyake. Astrid, kiongozi wao, alipiga kelele za furaha, akaituma kwenye grupu la korali, la waimbaji wa parokia.

Majuma machache baadaye, watu wa Jean-Luc, mchumba wake, walikuja kuweka siku ya ndoa. Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa kijana, Mama Libérata, mwanamke aliyezoea kusema na kuitikiwa. Kwa kawaida ya nyumba zile, bibi arusi mwenyewe ndiye huwamiminia wageni maziwa. Murekatete akamimina, macho chini. Mama Libérata akamaliza kikombe, akalamba mdomo, akakinyoosha aongezewe.

"Eeh! Haya maziwa iko tamu. Mutoto anajua ng'ombe."

Kikombe cha pili kilikuwa hakijaguswa telefone yake ilipolia. Mtu wa korali alikuwa amemtumia foto. Mama Libérata akaitazama, kisha akautazama mkono ulioshika chupa ya maziwa mbele yake. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu la moto, dogo kama haragwe. Kwenye foto pia.

"Huu mukono ni ya nani?"

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika ukoo wa Jean-Luc, mwanamke aliyeshika kinyonga hagusi maziwa tena. Wanasema ng'ombe watakauka.

Dancille, mama wa Murekatete, akawahi, akimgeukia binti yake: "Ni ya Astrid. Si njo vile, mwanangu?"

"Njo vile," Jean-Luc akadakia, akitazama viatu vyake. "Sema tu ni ya Astrid, ufute hiyo foto, tumalize."

"Mimi sina ubaya," shangazi akasema. "Akikana, nitaamini."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi, na imeshafagiliwa. Neno moja tu, na ndoa ingekuwepo. Na kinyonga angekuwa wa Astrid mpaka mwisho wa dunia.

"Ni wangu," Murekatete akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kilisikia. "Na foto ni yangu. Sifuti."

"Mutoto, unajua unasema nini?"

"Najua, Mama. Toka ile siku, ni mimi ninakamua. Kwa huu mukono. Ng'ombe haijakauka."

Mama Libérata akasukuma kikombe mbali. "Sisi hatunywe tena hapa."

Jean-Luc alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea kikombe chake. Shangazi akamtupia jicho, na mkono ukarudi mapajani. Murekatete aliuona ukirudi. Hapo hakuhitaji kuambiwa kitu kingine.

Akakichukua kikombe cha Jean-Luc kwa mkono uleule wa kushoto, akanywa amesimama, bila kugeuza uso, mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo kwa kiganja chenye kovu.

Wageni wakatoka, viti vikigongana. Dancille akawafuata mpakani mwa ua.

"Mama Libérata! Na kile kikombe ya kwanza, utakirudisha namna gani?"

Wageni wakashika njia. Dancille akarudi ndani, akaketi, uso bado umekunjamana kwa hasira, akasukuma kikombe chake mbele ya binti yake.

"Mimina," akasema. "Kwa mukono huo huo."